Nani Ataziba Paa? Utangulizi wa Ubia katika Shule za Sekondari

Anayeingia katika taaluma hii kwa mara ya kwanza huikuta imejaa picha za uzinduzi: utepe, mkasi, waziri, mkurugenzi wa kampuni, wanafunzi wenye sare mpya. Karibu sana, ila picha hizo zisikushike. Shule ya sekondari hujengwa kwa mwaka mmoja au miwili, kisha hutumika miaka arobaini na zaidi, na uhondo wote wa somo letu umo katika miaka hiyo mingi ambayo hakuna mpiga picha anayeifuata.

Katika ubia, serikali hubaki na wajibu wake wa kuelimisha, na mbia wake huleta mtaji, ufundi, ardhi au nguvu kazi. Baada ya hapo wanagawana hatari: saruji kupanda bei, mkandarasi kuchelewa, wanafunzi kutotokea, paa kuvuja mwaka wa kumi na mbili. Katika zabuni ya kawaida mkandarasi hukabidhi funguo, hungoja kipindi cha matazamio kiishe, akaenda zake. Paa likivuja baadaye, ni la mwalimu mkuu. Ubia wa muda mrefu ulibuniwa ili aliyejenga aendelee kuwa na sababu ya kulitazama paa hilo.

Uingereza ndiyo iliyoujaribu mtindo huu kwa ukubwa kuliko nchi nyingi. Mpango ulitangazwa mwaka 1992, Norman Lamont akiwa Waziri wa Fedha. Kampuni iliundwa kwa ajili ya mradi mmoja tu; ikakopa, ikajenga, ikatunza majengo kwa miaka 25 au 30, na halmashauri ikawa inailipa kila mwaka kiasi kilichojumlisha deni, usafi, ukarabati na faida. Darasa likikosa joto wakati wa baridi, malipo yalikatwa. Mwaka 2000 jiji la Glasgow liliziingiza shule zake 29 za sekondari katika mkataba mmoja wa aina hii. Wanaoupinga mtindo huu mara nyingi husahau uzuri wake mkubwa: fedha za matengenezo haziguswi. Diwani hawezi kuzihamishia kwenye barabara mwaka wa uchaguzi, kwa kuwa mkataba umezifunga.

Lakini kufuli hilo hilo humfungia ndani na mlipaji. Huko Belfast, shule ya sekondari ya Balmoral ilifunguliwa mwaka 2002 chini ya mkataba wa miaka 25, ikafungwa mwaka 2008 kwa kukosa wanafunzi. Malipo hayakufungwa pamoja nayo. Hatari ya wanafunzi kutotokea ilikuwa imebaki kwa umma, na kampuni ilitimiza wajibu wake wa kutunza jengo ambalo halikuwa tena na wanafunzi wa shule hiyo.

Edinburgh ilitoa somo jingine. Alfajiri moja ya Januari 2016, wakati wa dhoruba, ukuta wa shule ya msingi ya Oxgangs, iliyojengwa kwa ubia, ulianguka. Kwa bahati watoto walikuwa hawajafika. Ukaguzi uliofuata ulisababisha shule 17 za mradi huo, zikiwemo sekondari tano, zifungwe kwa muda. Ripoti ya John Cole ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba vyuma vya kushikanisha kuta vilikuwa pungufu au havikuzama ipasavyo, na kwamba halmashauri haikuwa na jicho lake huru pale kwenye ujenzi. Ilidhaniwa kwamba kampuni itakayotunza jengo miaka 30 haitathubutu kulijenga vibaya. Dhana hiyo ni nzuri kwenye karatasi. Fundi anayelipwa kwa idadi ya matofali aliyopanga siku ile haijui.

Usiogope hesabu za fani hii, maana siasa zake nyingi zimejificha humo. Kabla ya kusaini, serikali hulinganisha gharama ya ubia na gharama ya kujenga yenyewe. Kwa kuwa malipo ya ubia husambaa miaka mingi, kila shilingi ya baadaye hupunguzwa kwa kiwango fulani ili ilinganishwe na shilingi ya leo. Hadi mwaka 2003 Hazina ya Uingereza ilitumia asilimia 6. Baadaye kiwango kikashuka hadi asilimia 3.5. Kwa kiwango cha kwanza, shilingi itakayolipwa mwaka wa 25 huonekana kama senti 23. Kwa kile cha pili, kama senti 42. Shule ni ile ile, mkataba ni ule ule, ila kwa kiwango kimoja unaonekana nafuu na kwa kingine mzigo. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za taifa ya huko iliripoti kundi la shule ambazo ubia uliziongezea gharama kwa takriban asilimia 40 kuliko kama serikali ingekopa yenyewe. Mwezi Oktoba mwaka huo huo serikali ikatangaza kwamba haitasaini mikataba mipya ya aina hiyo.

Vitabu vingi huishia hapo, kana kwamba Afrika Mashariki inangoja kufundishwa. Mimi sikubali. Kenya ya miaka ya 1960 na 1970 ilijaa sekondari za harambee: wazazi walichanga, wakajenga, kisha wakaidai serikali walimu. Nchini Tanzania, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, wananchi walipandisha kuta za shule za kata na serikali ikaahidi kuezeka na kumalizia. Huo ni ubia kamili, wenye mtaji na mgawanyo wa hatari, ila mbia wake hana wakili. Bati lisipofika, kijiji hubaki na maboma, mvua hula matofali, na hakuna kifungu cha kumkata mtu malipo. Na tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika sekondari za umma ilipofutwa mwaka 2016, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, mkuu wa shule hutegemea ruzuku kwa karibu kila kitu, hata kitasa.

Uganda ilipita njia ya tatu: ilinunua nafasi badala ya majengo. Elimu ya sekondari kwa wote ilipoanza mwaka 2007, tarafa ndogo nyingi hazikuwa na shule ya umma, basi serikali ikazilipa shule binafsi zilizoteuliwa shilingi 47,000 za Uganda kwa mwanafunzi kila muhula. Watafiti walioligawa kundi la shule kwa bahati nasibu waliona uandikishaji ukiongezeka na matokeo yakipanda, ingawa sehemu ya kupanda huko yaweza kuwa imetokana na aina ya wanafunzi walioingia. Hata hivyo mpango ulianza kuondolewa mwaka 2018, serikali ikageukia kujenga shule zake katika tarafa hizo.

Leo sheria za ubia zipo: Tanzania tangu mwaka 2010, Kenya tangu 2013 na mpya ya 2021. Ukipata mkataba mkononi, ruka dibaji, nenda kwenye viambatisho: nani hukagua, kwa kipimo gani, na jengo litarudishwa likiwa katika hali gani. Hilo la mwisho ndilo eneo bichi kabisa la utafiti. Mikataba ya kwanza ya Uingereza sasa inafikia ukomo, na kampuni iliyobakiza miaka miwili haioni faida kubwa ya kubadilisha mabomba yatakayotumiwa na mwingine. Halmashauri zinalazimika kutuma wakaguzi miaka kadhaa kabla ya makabidhiano, na nyingi zinagundua kwamba hazina mtu anayejua yaliyomo ukutani.