Derby ya Kenya na Mpaka wa Mbung'o

Ngarambe na bonde zima la Rufiji, nchini Tanzania, si nchi ya mbio za farasi, na sababu kubwa ni mbung'o, nzi anyonyaye damu ambaye mwaka 1895 David Bruce, akiwa Zululand, alithibitisha kwamba ndiye anayeeneza nagana, maradhi yanayomdhoofisha farasi hadi akafa. Majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliyoteremka kuelekea Rufiji katika Vita Kuu ya Kwanza yalipoteza farasi kwa maelfu, na vikosi vilivyoondoka kwao vikiwa vya wapanda farasi vikaishia kutembea kwa miguu.

Nyanda za juu za Kenya hazikuwa na adui huyo kwa wingi kama huo, na kwa hiyo walowezi wa Kizungu waliweza kufuga farasi Njoro na kuwashindanisha Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa zamani ulikuwa upande wa Kariokor, ambako barabara ya Racecourse ingali na jina hilo, hadi mwaka 1954 mbio zilipohamia Ngong, na huko ndiko Derby ya Kenya inakokimbiwa mpaka sasa. Derby ni mbio za tambarare, yaani zisizo na vizuizi vya kurukwa, nazo ni za farasi wa miaka mitatu tu, hivyo farasi aliyeikosa mwaka huo hawezi kuirudia. Kanuni hiyo ilitoka Epsom, Uingereza, ambako Derby ya kwanza ilikimbiwa mwaka 1780, na farasi aitwaye Diomed akaishinda. Umbali wa leo, huko na Nairobi pia, ni takribani mita 2,400.

Hakuna jina lililofungamana zaidi na historia hii kuliko la Beryl Markham, aliyelelewa Njoro katika shamba la baba yake, Charles Clutterbuck, akapata leseni ya kufundisha farasi akiwa bado msichana wa miaka 18 hivi, katika kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanaume. Mwaka 1926 farasi jike aliyemfundisha, Wise Child, ambaye miguu yake ilikuwa dhaifu, alishinda St Leger ya Nairobi, mbio ndefu kuliko Derby, na baadaye Markham akatwaa Derby yenyewe mara sita.

Sifa hiyo ni haki yake, lakini haipaswi kusimuliwa bila arap Ruta, rafiki yake tangu utotoni walipowinda pamoja, aliyekuja kuwa msaidizi wake mkuu zizini. Yeye na masaisi wengine wa Kiafrika, yaani watunzaji wa farasi, ndio waliowalisha, wakawasugua na kuwauguza wanyama hao tangu alfajiri hata usiku, na majina yao hayamo katika orodha za washindi, ambazo huandika farasi, mwenyewe, mwalimu na mpanda farasi tu.