Mtoi Anataka Kudishi Kila Saa? Soma Hii Kabla Umfokee

Mtoi amemaliza uji saa moja asubuhi. Saa mbili anasema "mum, chakula." Saa tatu amesimama kwa mlango wa jirani, ananusa chapo. Ukipita naye dukani ni kilio mpaka anunuliwe biskuti. Kama unaishi Kware, Pipeline ama Kwa Njenga na doh ni za kuhesabu, hii stori unaijua, na unajua venye huchosha.

Kwanza tulia. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja au miwili ni ndogo, na siku nzima anakimbia. WHO inasema mtoto wa miezi 9 hadi 23 adishi mara 3 au 4 kwa siku, halafu apewe kitu kidogo katikati mara 1 au 2. Piga hesabu: inaweza fika mara 6. Kwa hivyo mtoi akiitisha mara tano, huyo si mlafi.

Shida mara nyingi iko kwa kikombe. Uji mwepesi kama chai ni maji tupu. Anajaa, anakojoa, njaa inarudi. Chai na mandazi ni vile vile: wanga na sukari, hakuna cha kujenga mwili. Hapo ndipo noma iko, juu mtoto anaweza kula siku mzima na bado asikue. Utafiti wa serikali wa 2022 ulipata asilimia 18 ya watoto Kenya wa chini ya miaka mitano wamedumaa.

Sasa fanya hivi:

Uji uwe mzito. Ukiinua kijiko, usimwagike haraka. Ongeza maziwa, ama njugu zilizosagwa. Njugu nzima usimpe, zinaweza kumkaba.

Badilisha matumizi ya doh ya biskuti na chipsi. Kusanya za siku kadhaa, upitie kwa mama mboga: yai, omena, ndengu, ndizi, avocado. Hizo hukaa kwa tumbo.

Weka saa. Akijua kuna kitu saa nne na saa kumi, polepole ataacha kuomba kila dakika. Kama bado ananyonya, endelea mpaka afike miaka miwili ama zaidi.

Akilia, jaribu maji kwanza, halafu mcheze. Kwa keja ya chumba kimoja mtoto huboeka, na akiboeka anaitisha chakula. Ukimnyamazisha na tamu tamu kila mara, umemfunza kulia.

Kama unamwacha daycare, uliza amedishi nini, na saa ngapi. Mtoto anayefagia sahani jioni labda alishinda njaa mchana.

Na kuna wakati lazima uende kliniki. Kama anakula sana lakini nguo zinazidi kumlegea, ama anakula udongo, apimwe. Udongo unaweza kuonyesha amepungukiwa na madini ya chuma kwa damu. Dawa ya minyoo hupewa kuanzia mwaka mmoja, kila miezi sita. Wiki za Malezi Bora huwa Mei na Novemba. Mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wako ampime mkono kwa ule mkanda. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 12.5 ni ishara ya utapiamlo.

Halafu hii usipuuze: njaa isiyoisha, kiu kali, kukojoa kila saa na kukonda vikija pamoja vinaweza kuwa kisukari. Watoto pia hukipata. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, usingoje wikendi.

Kumchapa mtoi juu ya njaa hakumshibishi. Anza leo na uji wa jioni, uufanye mzito, halafu uone kama atalala mpaka asubuhi.