Mbegu ya Saladi na Maji ya Moto

Kila kaskazi ikiingia, watu wa pwani waliotamani kuotesha saladi na majani ya kigeni huniletea swali lile lile, kwamba mbegu wamezilaza usiku kucha katika maji ya moto, wakazifukia vyema, na hazikuota. Je, waongeze moto wa maji, au wabadilishe duka? Si hili wala si lile, na laiti swali hili lingekoma ningeshukuru.

Asili ya dhana yenyewe haijifichi. Mbegu ya mlusina ina ganda gumu lisilopitisha maji, na ukiitia katika maji ya moto kwa dakika chache ganda hulegea, maji yakapenya, mche ukatoka. Basi waliojifunza hayo katika vitalu vya miti wakayachukua yalivyo wakayapeleka katika bustani ya mboga. Mbegu ya saladi haina ganda la namna hiyo. Maji baridi huipenya kwa saa chache tu, na aghalabu kinachoizuia ni harara ya ardhi, kwani hupendelea nyuzi 15 hadi 20, na zikipita 30 au karibu yake, aina nyingi hukataa kuota ijapokuwa zimelowa na zi hai. Na harara hiyo ikidumu, kukataa huko hugeuka usingizi usioondoka hata ardhi ikipoa. Sasa mtu ambaye udongo wake usio na kivuli waweza kupita nyuzi 40 saa saba mchana, yeye anakuja na birika! Maji yakiwa vuguvugu ameilaza mbegu. Yakiwa ya moto kweli, ameipika.

Wapo wajuao kidogo watakaonikumbusha mbegu za kabichi, ambazo hutiwa katika maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25. Ni kweli, lakini hiyo ni dawa ya kuua viini vya maradhi, hufanywa kwa kipimajoto na saa mkononi, wala haikukusudiwa kuamsha mbegu.

Ama huko kufukia, ni kosa juu ya kosa. Mwaka 1952, huko Beltsville katika jimbo la Maryland, Marekani, wanasayansi Borthwick na Hendricks na wenzao walizimulikia mbegu za saladi aina ya Grand Rapids mwanga mwekundu, zikaota. Wakafuatisha ule wekundu wa mbali ambao jicho halipati kuuona vyema, zikakataa. Wakaendelea kuipokezanisha miale hiyo miwili, na kila mara mbegu zikatii ule uliokuwa wa mwisho. Si aina zote zinazodai mwanga kiasi hicho, lakini hata isiyoudai, kwa udogo wake, haina akiba ya kuifikisha juu kutoka kina cha kidole kizima.

Yanayofaa ni machache. Zifungeni mbegu katika kitambaa kibichi, mkiweke chini ya mtungi wa udongo pale jasho lake linapodondokea, au katika friji siku moja au mbili; zimwageni jioni juu ya udongo uliokwisha loweshwa, mnyunyize mboji iliyochekechwa kiasi cha kuzificha tu, na juu wekeni kivuli cha makuti. Jirjir, ile ipendwayo Oman, haina taabu: huota kwa siku chache, ila jua kali huifanya chungu na kuiharakisha maua. Punje ya giligilani ndani yake mna mbegu mbili, basi ibiringishieni chupa ipasuke ndipo mpande, papo hapo itakapokulia, kwa kuwa kotmiri, ndiyo mmea wake, haipendi kuhamishwa, na shibiti kadhalika. Pasli yataka subira ya majuma matatu au manne, kwa hiyo msiufukue udongo kuichungulia.

Rehani peke yake ndiyo ifurahiayo joto letu, na ndiyo itupwayo bure, maana mbegu zake zikilowa huvaa utando wa kijivu unaoteleza, mtu akadhani zimeoza. Hazikuoza: utando huo ni wake wa asili, na huishikia mbegu maji. Msizioshe wala msizikaushe. Ziacheni kitaluni, na kwa joto la pwani baada ya juma moja hivi mtaona majani mawili mawili.