Mgeni Langoni: Kwa Nini Utaratibu Hulinda Kuliko Hofu

Watu wa mijini wanaonunua mashamba Kisarawe, Mkuranga, Bagamoyo au Kajiado na kuhamia huko hukuta maisha mengine kabisa. Jirani wa karibu yuko mita mia tatu, umeme hukatika bila taarifa, na masika yakikolea hata gari la polisi hupita barabara ile kwa shida. Swali la usalama hujitokeza wiki ya kwanza, na majibu huwa yale yale: ukuta mrefu, mbwa wakali, mlinzi mwenye rungu. Vitu hivyo vina kazi yake. Lakini vyote vinamchukulia kila asiyejulikana kuwa adui wa kuzuiwa, na hapo ndipo hesabu inapokosewa. Mtu anayeishi shambani hukutana na wageni kila siku: fundi wa pampu, mnunuzi wa mahindi, mchungaji aliyepotelewa na mbuzi, kijana anayetafuta kibarua, bwana mifugo. Hawezi kuwafungia wote nje, na hawezi kuwaamini wote. Anachohitaji ni njia ya kumjua mtu kabla ya kumpa nafasi, ifuatwe ile ile kwa kila anayekuja, na majirani waielewe. Familia inayoishi mbali na majirani shambani italindwa zaidi na njia hiyo kuliko na ukuta wake.

Mwaka 1979 wanazuoni wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walieleza kwamba uhalifu wa kumvamia mtu au kumwibia mali hutokea pale mambo matatu yanapokutana mahali pamoja: mtu mwenye nia, kitu kinachomvutia, na kukosekana kwa mtu wa kumzuia. Mwenye shamba hana uwezo juu ya nia ya mtu. Kitu cha kuvutia anaweza kukipunguza kidogo, kwa kutoacha pampu kisimani au pikipiki chini ya mwembe. Nguvu yake kubwa iko kwenye jambo la tatu, na huyo mtu wa kuzuia si lazima awe askari. Mara nyingi ni mama anayepalilia shamba la pili, ambaye akiinua kichwa anaona gari lisilo la kawaida. Ndiyo maana ukuta wa tofali wa mita tatu una kasoro isiyosemwa: ukishapandwa na mwizi, unamficha yeye. Ua wa minyaa au michongoma uliokatwa usawa wa kifua humsumbua anayetaka kupita na ng'ombe wa wizi, huku ukiwaachia majirani nafasi ya kuona kinachoendelea uani. Taa ya sola inayowaka nje na kuacha ndani giza hufanya kazi hiyo hiyo usiku.

Tanzania ina ushahidi wake wa jinsi macho ya majirani yanavyoweza kuushinda umbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Usukumani na Unyamwezini, wizi wa ng'ombe na ujambazi wa silaha ulikuwa umewaelemea wananchi, na baadhi ya bunduki zilizotumika zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wanakijiji wakaunda Sungusungu. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale, duni mbele ya bunduki. Kilichowapa nguvu ni wajibu: yowe likipigwa, kila mwanamume mwenye afya hutoka, hulifikisha yowe kijiji cha pili, na wengine huziba njia na vivuko. Asiyetoka hutozwa faini, na akizidi hutengwa. Mwizi aliyetegemea umbali kati ya nyumba na nyumba alijikuta ndani ya duara la watu. Mtindo huo ulienea haraka katika mikoa mingine, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuupa nafasi inayotambulika. Hata hivyo historia hiyo hiyo ina upande wa giza. Makundi mengine yaligeuka kuwa mahakama yenyewe, yakatesa washukiwa, na wazee waliotajwa kuwa wachawi waliumia mikononi mwao. Yowe liliweza kukusanya watu kwa dakika chache. Kilichokosekana ni kanuni ya kusema watu hao wafanye nini wakishakusanyika.

Gharama ya kukosa kanuni hiyo ilionekana wazi tarehe 1 Oktoba 2016 katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walikuwa wamefika kukusanya sampuli za udongo. Wanakijiji waliwadhania kuwa wanyonya damu, wakawaua wote watatu na kulichoma gari lao. Uvumi wa mumiani, yaani wanyonya damu, una zaidi ya karne Afrika Mashariki, na huamka kila watu wanapoona gari geni, vifaa vigeni na shughuli wasiyoielewa. Mwaka uliofuata, Oktoba 2017, uvumi kama huo ulizuka kusini mwa Malawi, watu wakauawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Katika matukio hayo majirani walikuwa macho kweli kweli, na ulinzi wao ukaua wasio na hatia. Kuwa macho peke yake hakutoshi. Mtu anayetaka kuwa salama shambani anahitaji majirani walio macho na pia wanaojua kwamba hatua ya kwanza baada ya kushuku ni kuuliza.

Kuuliza vizuri huanza na kutenganisha ugeni na mwenendo. Sura, kabila, lafudhi, nguo chakavu au ugonjwa wa akili havisemi lolote kuhusu nia ya mtu. Mwenendo ndio unaosema. Anayetafuta kibarua huuliza kazi na malipo. Anayeuliza mwenye nyumba hurudi saa ngapi, ng'ombe hulala zizi gani na mlinzi analala wapi, anatafuta kitu kingine. Ajitambulishaye kama mtumishi wa umeme au wa ardhi, kisha akataka fedha taslimu papo hapo, ametoa sababu ya kusimamishwa. Vivyo hivyo anayebadili maelezo kila akiulizwa, anayekuja leo kuuza nguo na kesho kununua kuku ilhali hauzi wala hanunui, au gari linaloegeshwa jioni mara kadhaa kwenye njia isiyoelekea kokote. Dalili moja inaweza kuwa na maelezo ya kawaida. Zikiwa mbili au tatu, ziandikwe pamoja na saa, wajihi wa mtu na namba ya gari, kisha majirani na uongozi wa kitongoji wapewe taarifa. Taarifa ya namna hiyo inamsaidia polisi. Kilio cha kwamba kuna watu wabaya wanazurura hakimsaidii.

Langoni, desturi ya kubisha hodi inatosha kuwa msingi, maana imebeba hekima ya ulinzi: anayekuja hubaki nje, hujitaja, na husubiri akaribishwe; asipoitikiwa baada ya hodi ya tatu, huondoka. Kosa la wengi ni kufungua kwanza na kuuliza baadaye. Aliye ndani aulize jina, atokako, nani amemtuma na shida yake, lango likiwa bado limefungwa, na ikiwezekana mtu wa pili awe anaonekana. Watumishi wa serikali na watafiti wanaofanya kazi vijijini wanapaswa kupitia kwa mtendaji wa kijiji na kuwa na barua ya utambulisho, kwa hiyo kumpigia mtendaji ni hatua halali kabisa. Itumike namba ambayo mwenyeji alikuwa nayo tangu awali, kwa sababu namba anayoitoa mgeni inaweza kupokelewa na mwenzake. Aliyeharibikiwa na gari au mwenye kiu anaweza kupewa maji na kupigiwa simu ya msaada akiwa pale pale nje. Watoto na wasaidizi wa nyumbani wafundishwe kutomwambia mtu yeyote kwamba mkubwa hayupo. Usiku hali ni nyingine: mlango usifunguliwe, taa za nje ziwashwe, filimbi au yowe lisikike, na simu ipigwe kwa majirani na kwa polisi, 112 Tanzania, 999 au 112 Kenya. Mwenye silaha akiwa ameshaingia, mali iachwe. Ng'ombe hununuliwa tena.

Wapo watakaosema utaratibu huu ni wa watu walio karibu na kituo cha polisi, na kwamba mwenye shamba asipomshughulikia mhalifu mwenyewe, hakuna atakayefanya hivyo. Umbali ni wa kweli, na hasira ya walioibiwa mara tatu bila kuona kesi ikifika popote inaeleweka. Lakini sheria haijamwacha raia mikono mitupu. Inamruhusu kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele yake, kwa sharti la kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumwadhibu, na anayemuua mshukiwa aliyekwisha kudhibitiwa anaweza kushtakiwa kwa mauaji, hata kama mshukiwa alikuwa mwizi kweli. Kuna hasara nyingine isiyohesabiwa: wizi wa mifugo unahitaji mtoa habari, msafirishaji na mnunuzi. Mwizi mwenyewe akiuawa njiani, hao watatu wanabaki salama na watampata mwingine. Akifika kituoni akiwa hai, anaweza kuwataja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: adui mara nyingi si mgeni. Anayejua pampu iko wapi, korosho zimeuzwa lini na mbwa wanafungwa saa ngapi ni kibarua wa zamani, ndugu au jirani, na kikulacho ki nguoni mwako. Hoja hii ni sahihi, na inauimarisha utaratibu kuliko kuubomoa. Ukuta na hofu ya wageni havimgusi mtu wa ndani hata kidogo, lakini kanuni zinazomhusu kila mtu zinamgusa. Kibarua mpya aje na kitambulisho chake na mtu wa kumdhamini, na uongozi wa kitongoji ujue kwamba yupo. Malipo ya mazao yapokelewe benki au kwa simu, ili nyumba isijulikane kuwa na fedha msimu wa mavuno. Funguo zibadilishwe mfanyakazi anapoondoka. Mifugo iwekewe alama. Tanzania ina sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tangu 2010, na ng'ombe mwenye hereni au chapa ni mgumu kuuzwa mnadani na asiye mwenyewe. Jirani mmoja anaweza kukuuza. Majirani kumi na watano wenye kuonana na kupeana taarifa, ni vigumu wote kukubaliana kukuuza.

Hapo ndipo linapokuja suala ambalo mhamiaji wa shambani hulikwepa: kwamba yeye mwenyewe ndiye mgeni wa kwanza. Aliyefunga njia ya mifugo inayotumiwa miaka yote, aliyezungushia kisima waya, asiyekwenda msibani wala kuchangia barabara, atapiga yowe usiku na watu watageuka upande wa pili. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria nchini Tanzania hufanyika kila baada ya miezi mitatu, ni mahali pa kujulikana na kuwajua wenzako bila gharama yoyote. Huko ndiko inakoamuliwa zamu ya ulinzi, nani ana namba ya polisi wa kata, na yowe likipigwa washukiwa wapelekwe kwa nani.

Limebaki pingamizi la wanaoogopa kugeuza kijiji kuwa ofisi ya upelelezi. Wana sababu. Mfumo wa nyumba kumi ulioanzishwa Tanzania na chama tawala cha TANU katika miaka ya 1960 ulifungamana na chama hicho, na balozi, yaani kiongozi wa nyumba hizo, aliweza kuwa mlinzi wa amani na pia sikio la wakubwa. Kenya ilipohimiza Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, maswali kama hayo yalisikika. Jibu ni kuweka mpaka: majirani wana haki ya kujua nani amehamia na nani amelala kijijini, hawana haki ya kujua anampigia nani kura, anasali wapi wala anakula nini. Na wanaohofia kwamba maswali langoni yataua ukarimu wakumbuke kwamba wahenga waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walikuwa na utaratibu wao: mgeni alilishwa, kisha akaingizwa kazini mbele ya watu, na kwa kufanya kazi nao akajulikana. Ukarimu wao ulikuwa na hatua.

Gharama ya haya yote ni ndogo kuliko lori moja la tofali. Namba za majirani watano, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji na polisi wa kata ziandikwe ukutani na zijulikane na kila aliye nyumbani. Kila nyumba iwe na filimbi, na makubaliano ya maana ya kuipuliza. Daftari dogo liwepo la mambo yasiyo ya kawaida. Utaratibu huu hautamzuia kila mhalifu, kama ambavyo hakuna ukuta uliowahi kuwazuia wote. Unachofanya ni kumnyima mhalifu kitu anachokitegemea zaidi, yaani kutotambuliwa na mtu, na wakati huo huo unampa mtafiti wa udongo, mchungaji na fundi wa pampu nafasi ya kueleza wao ni nani na kurudi kwao salama. Kijiji kinachoweza kufanya yote mawili ndicho kilicho salama kwa mwenye shamba pia, kwa sababu kila anayetoka nje ya kijiji chake ni mgeni asiyejulikana kwenye kijiji cha wengine.