Kibao cha Namba Kwanza, Rangi Baadaye: Gharama ya Kutoijua Trekta Unayoinunua

Tuseme umepata Massey Ferguson 290 mbili zilizotumika. Mwenye ya kwanza anataka shilingi milioni 22. Rangi imepauka na matairi ya nyuma yamechoka, lakini kibao cha namba kipo mahali pake na namba ya injini inasomeka. Ya pili inauzwa milioni 18. Imepigwa rangi nyekundu mpya hadi kwenye rimu, ila kibao hakipo, na pale kilipokuwa yamebaki matundu ya ribiti yaliyozibwa kwa rangi. Wengi huchukua ya pili. Mimi ningelipa hizo milioni 22, na sababu ni hesabu tupu.

Tofauti ya bei ni milioni 4. Trekta ya nguvu farasi 75 hivi, yenye plau ya diski tatu, tuiweke ekari nane kwa siku. Ukitoza 60,000 kwa ekari unapata 480,000. Ondoa dizeli, posho ya dereva na uchakavu, tuseme unabaki na 250,000. Siku kumi na sita za kusimama gereji msimu wa kulima zimeshameza ile milioni 4 yote. Na msimu haukusubiri: mvua ikishika, wateja wako wanampigia simu mwenye trekta mwingine, na mwakani hawarudi kwako.

Kinachosimamisha trekta kuukuu muda mrefu mara nyingi si ubovu wenyewe, ni spea isiyo sahihi. Fundi ameshusha injini, umetuma mtu mjini kununua pistoni, slivu, ringi na gasketi, kifurushi kimefika, kinafunguliwa, havilingani. Mwuza spea hataki kurudisha kitu kilichokwisha kufunguliwa. Hapo unalipa mara mbili, na siku zinakwenda.

Chukua MF 165, trekta ambayo bado inalima katika mashamba mengi ya Afrika Mashariki. Za mwanzo zilifungwa injini ya Perkins 4.203, za baadaye 4.212. Tarakimu tatu za mwisho ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, na ukiziangalia juu juu utadhani ni kitu kimoja. Lakini silinda ya 4.203 ina kipenyo cha milimita 91.4, na ya 4.212 ni milimita 98.4. Pistoni ya moja haiingii kwenye nyingine kwa namna yoyote. Kwa upande mwingine, 4.203 ina kipenyo na mwendo wa pistoni sawasawa na 3.152, ile injini ya silinda tatu ya MF 135 na MF 240. Hata 4.236 ya MF 265 na 4.248 ya MF 290 zinatofautiana: 98.4 kwa 101. Ukiingia dukani ukasema “nipe seti ya Massey ya silinda nne”, umemwachia muuzaji akubahatishie.

Ndiyo maana namba ninayoitafuta kwanza ni ya injini. Kwenye Perkins iko upande wa kushoto wa bloku, upande uleule wa pampu ya dizeli, imegongwa kwenye chuma chenyewe. Usikubali kuambiwa haisomeki kabla ya kupita brashi ya waya na kitambaa chenye dizeli. Futa, kisha mulika tochi kwa ubavu ili maandishi yaonyeshe kivuli. Injini za kuanzia 1974 zina namba ndefu, kwa mfano LF, kisha tarakimu tano, kisha U, kisha tarakimu za mfululizo, na mwisho herufi moja. LF ni 4.248, LD ni 4.236, CE ni 3.152. Tarakimu tano zinazofuata ni namba ya orodha, na duka la spea lenye vitabu vya Perkins litaitumia kukuambia injini ilifungwa vifaa gani. U ni Uingereza. Herufi ya mwisho ni mwaka: A ni 1974, B ni 1975, na kuendelea hivyo, H ikiwa 1981. I haitumiki, kwa hiyo J ni 1982. O na Q nazo hurukwa. Injini za kabla ya 1974 zina namba fupi inayoanza na ukubwa wenyewe, mathalani 152UA au 203UA.

Ile namba ya orodha isikupite. Perkins 4.236 haikutengenezwa kwa trekta peke yake. Ilifungwa pia kwenye foklifti, jenereta na mashine za kuvuna. Injini ya jenereta ikiletwa kwenye trekta, bloku inaweza kuwa ileile lakini karteri, yaani bakuli la oili, isifae. Trekta za aina hii hazina chasisi kama ya lori. Injini ndiyo sehemu ya uti wa mgongo, na karteri yake ni chuma kizito cha kubeba mzigo. Muulize muuzaji waziwazi injini imetoka wapi. Kubadilishwa injini si kosa, ila bei lazima ishuke kwa kiasi kinacholingana na kazi ya kuifunga vizuri.

Sasa kibao chenyewe. Kwenye MF 135 kimepigiliwa kwenye paneli ya dashibodi, na kina aina ya trekta na namba ya mfululizo. Mwaka haukuandikwa, unapatikana kwa kulinganisha namba na orodha za kiwanda. Kwa 135 za Coventry, mwaka 1969 ulianza na namba 117429 na 1970 ukaanza na 141426. Kwa hiyo mwenye 120500 akikuapia kuwa trekta ni ya 1975, mwonyeshe orodha kisha mzungumze bei upya. Usitishike injini ikiwa imetangulia trekta kwa miezi michache, maana injini ilitoka Perkins kwanza ndipo ikafungwa Coventry. Pengo la miaka ndilo la kuulizia.

Ford inasema zaidi kuliko Massey, na kwa mnunuzi hilo ni neema kubwa. Kwenye Ford 5000 tafuta sehemu bapa juu ya stata. Kuna mistari ya namba iliyogongwa kwenye chuma, kwa hiyo kibao kikipotea bado una ushahidi. Mmojawapo ni namba ya mfululizo inayoanza na herufi ya kiwanda: B ni Basildon huko Uingereza, A ni Antwerp, C ni Highland Park, Marekani. Mwingine ni tarehe. Ukikuta 9D16 na herufi ya zamu, soma hivi: 9 ni 1969, D ni mwezi wa nne, 16 ni tarehe. Hapa pia I imerukwa, ndiyo maana Desemba ni M. Tarakimu ya mwaka hujirudia kila miaka kumi, lakini 5000 zilitoka kati ya 1965 na 1975, kwa hiyo 9 haiwezi kuwa nyingine.

Tarehe hiyo ina thamani ya fedha. 5000 za mwanzo zina injini ya inchi za ujazo 233, na tangu 1968 ikawa 256. Kipenyo cha silinda kilipanda kutoka milimita 106.7 hadi 111.8. Usiichanganye tarehe hiyo na namba za sehemu zilizosubiwa kwenye vyuma, kama D5NN. D ni miaka ya sabini na 5 ni 1975, lakini huo ni mwaka sehemu ilipobuniwa, na sehemu ileile iliweza kuendelea kutengenezwa kwa miaka mingi.

Kuna jambo ambalo kibao cha Massey hakikwambii: kama trekta ina Multi-Power, mfumo wa kubadili mwendo wa juu na wa chini trekta ikitembea. 135 na 165 zilitoka zikiwa nayo au bila. Ikiwa kwenye mwendo wa chini, injini haishiki trekta kwenye mteremko. Inateremka huru na breki ndizo pekee zinazokuokoa. Kwa mtu wa milima ya Mbulu au Uluguru anayevuta tela la mahindi, nasema asiinunue hata kwa punguzo. Kwa mtu wa bonde, haina shida.

Ile Ferguson ndogo ya kijivu, TE20, iliyotengenezwa Coventry kati ya 1946 na 1956, ni habari ya wakusanyaji. Zilitoka zaidi ya 517,000. Herufi za kibao ndizo za kuangalia: TEA ni petroli, TED ni TVO, aina ya mafuta ya taa ya trekta, TEF ni dizeli. Ukitaka ifanye kazi ya shamba dogo, TEF peke yake.

Kibao nacho hughushiwa. Vibao vitupu vya kuchapisha upya vinauzwa kihalali Ulaya kwa wanaokarabati trekta za zamani, na si kila anayevinunua ana nia njema. Skrubu badala ya ribiti, namba zinazong'aa kuliko dashibodi inayozizunguka, au tarakimu zisizokaa mstari mmoja, vyote ni sababu ya kudai hati za asili. Ukikuta chuma kimesagwa kwa grainda mahali pa namba ya injini, ondoka. Huenda mali ni ya wizi, na hasara yake ni trekta nzima.

Usimalize kulinganisha bila kuuliza bei ya MF 240 au 385 mpya kutoka kiwanda cha Millat cha Lahore, Pakistan, maana zinauzwa Afrika Mashariki na ni za ukoo uleule wa Massey. Bei yake ni ya trekta mpya, lakini mtu anayelimia watu msimu mzima anaweza kuirudisha. Anayelima ekari zake kumi na tano tu hana haja ya deni hilo. MF 240 ya Coventry yenye CE inayosomeka inamtosha.

Ukishakubaliana bei, kwenye mkataba wa mauziano ziandikwe aina, namba ya mfululizo na namba ya injini, herufi kwa herufi, zikilinganishwa na kadi ya usajili mbele ya mashahidi. Piga picha namba zote mbili kwa simu na umtumie fundi wako siku hiyohiyo, ili safari ya kwanza ya spea asiende dukani akiwa na neno “Massey” peke yake.