Kuzimwa kwa Mitambo ya Televisheni ya Analojia: Maana Yake kwa Vijiji vya Kirotshe

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo mara nyingi huachiwa mafundi peke yao, nalo ni kuzimwa kwa mitambo ya televisheni ya analojia na kuwekwa kwa ile ya dijitali mahali pake. Tutalitazama kutoka Kirotshe, katika wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini. Kirotshe iko kando ya Ziwa Kivu, kusini ya Sake; nyuma yake huinuka milima ya Masisi, na ng'ambo ya ziwa ni Rwanda. Milima hiyo na mpaka huo ndivyo vitakavyotuongoza.

Tuanze na mtambo wenyewe. Katika mfumo wa analojia, wimbi hubadilika sambamba na mwanga na sauti ya kitu kinachoonyeshwa, na kila stesheni huhitaji njia yake pekee ya masafa. Katika mfumo wa dijitali, picha na sauti hugeuzwa kuwa tarakimu na kubanwa, hata njia moja ikaweza kubeba stesheni kumi au zaidi. Sehemu ya masafa yanayookolewa hupewa simu za mkononi. Faida hiyo ndiyo iliyozisukuma serikali nyingi.

Mwezi Juni 2006, mjini Geneva, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilifikia mkataba ulioweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa ukomo. Kwa baadhi ya nchi, masafa ya VHF yaliongezewa miaka mitano. Ifahamike kwamba mkataba huo haukuzima mtambo wowote. Ulichosema ni kwamba baada ya ukomo, mtambo wa analojia hauna tena haki ya kulindwa usiingiliwe na mawimbi ya nchi jirani. Kwa watu wa mpakani tofauti hiyo si ndogo. Rwanda ilikamilisha kazi yake mwaka 2014. Kongo haikuiwahi tarehe ya 2015. Hivyo mtambo wa analojia uliweza kupoteza kinga yake kabla ya kuzimwa na mtu.

Mfano unaofahamika zaidi kwa wasomaji wetu ni wa Tanzania. Huko mitambo ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, zikafuata awamu za Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya mwaka 2013. Mwenye televisheni ya zamani alilazimika kupata king'amuzi, yaani kisanduku kinachozirudisha tarakimu kuwa picha. Kijijini, ambako televisheni huendeshwa kwa jenereta, betri au paneli ya jua, kisanduku hicho nacho hudai umeme wake.

Hata hivyo, gharama si tatizo pekee. Wimbi la analojia likidhoofika, picha hujaa chenga na rangi hufifia, lakini aghalabu sauti husikika na mtazamaji huelewa. Wimbi la dijitali lina tabia nyingine. Likitosha, picha ni safi. Likipungua chini ya kiasi kinachotakiwa, picha huganda vipandevipande, kisha hukatika kabisa. Kwa hiyo nyumba iliyo nyuma ya mlima, iliyozoea picha ya chenga, yaweza kukosa kila kitu. Ramani ya masafa inaweza kuwa sahihi penye tambarare na isiwe sahihi Masisi.

Hapa wanaisimu nao wana la kusema. Nchini Tanzania mabadiliko haya yaliitwa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Kitenzi hiki humwonyesha mtu anayeondoka na mizigo yake akafika kwingine. Watu wa Masisi, ambao vita vimewahamisha mara nyingi, wanaijua vyema maana yake. Lakini nyumba ya mlimani haikuhama, imezimiwa. Kauli hiyo ya kutendewa ina faida, kwani humtaja aliyepatwa na jambo na kutufanya tuulize ni nani aliyetenda.

Wala suala hili si la burudani tu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na tarehe 27 Mei wakazi wa mitaa kadhaa ya Goma waliamriwa kuondoka. Umati mkubwa ulishika njia ya Sake. Redio, ikiwemo Radio Okapi iliyoanza mwaka 2002, huubeba mzigo mkubwa wa habari za namna hiyo. Lakini katika siku kama hizo kila njia ya habari inayokatika ni hasara, na taarifa yenye chenga ni bora kuliko kioo cheusi.

Kwa hiyo mafanikio ya mabadiliko haya yasipimwe mjini Goma peke yake. Kabla ya mtambo wa zamani kuzimwa, hapana budi mapokezi yapimwe milimani, mitambo midogo ya kuongeza nguvu isimamishwe nyuma ya vilima, na mifumo yote miwili irushe matangazo pamoja kwa muda. Hapo ndipo tutakapoweza kusema kwa haki kwamba watu wamehama.