Programu mpya, filamu ileile: namna ya kumaliza shida za picha, maandishi na diski za DVD



Koperative nyingi zilizoea kutengeneza filamu zao na Windows Movie Maker, kisha kuchoma diski na Windows DVD Maker. Hizo programu mbili zilikuwa rahisi na za bure. Lakini DVD Maker haikuwekwa tena ndani ya Windows 8 na zile zilizofuata, na Movie Maker iliachwa na kampuni yake mwezi wa kwanza 2017. Ordinateri ya zamani ikikufa, ile mpya haina hata moja. Hapo watu wanakamata programu ingine ya bure, kama Shotcut ya kuunganisha picha na DVDStyler ya kutengeneza diski. Zote mbili zinatumika bila intaneti, lakini desturi zao si zile za zamani, na shida zinaanza.

Mutatuuliza: mambo haya yanahusu shamba namna gani? Kamata filamu juu ya ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ule wasemaji wa Kinyarwanda huita kirabiranya. Mtu anapashwa kuona kwa macho yake namna ya kuondoa ua la kiume kwa kijiti chenye panda, na namna ya kupitisha panga katika moto mbele ya kugusa mgomba mwingine. Diski ikikataa kusoma siku ile watu wamekusanyika, mafunzo yamepotea na mafuta ya gurupe yamepotea pia. Tufuate basi shida moja moja, tangu mwanzo wa kazi mpaka mwisho.

1. Kazi ya zamani haifunguki

Faili ya mradi si filamu. Ni orodha tu: picha hii ianze hapa, ikatwe pale, sauti hii iwekwe chini yake. Kila programu inaandika orodha yake kwa namna yake, kwa hiyo Shotcut haiwezi kusoma mradi wa Movie Maker. Usipoteze siku nzima kujaribu.

Dawa: kama kuna ordinateri moja yenye ingali na Movie Maker, fungua mradi humo. Andika kwanza maandishi yote kwenye karatasi, kisha uyafute, na utoe filamu nzima kwa ubora wa juu. Ile filamu isiyo na maandishi ndiyo utaingiza katika programu mpya, na kuiandikia upya. Ukiacha maandishi ya zamani, yatabaki yameshikamana na picha, huwezi tena kusahihisha hata herufi moja.

Shida ingine ya ndugu yake: mradi unafunguka, lakini programu inasema picha hazipatikani. Ni kwa sababu orodha inakumbuka mahali picha zilikuwa. Ukizihamisha, au ukitoa flashi, njia imekatika. Tangu siku ya kwanza fungua folda moja kwa kila filamu, weka ndani picha, sauti na mradi wenyewe, na uhamishe folda nzima, si kipande.

2. Sauti inaachana na midomo

Mwanzoni sauti na picha vinaenda sawa. Kisha dakika kumi, mwalimu amefunga mdomo lakini sauti ingali inasema. Shida hii inatoka mara nyingi kwa picha za telefone. Telefone haishiki mwendo mmoja: kukiwa na giza inapunguza hesabu ya picha kwa sekunde, kukiwa na mwanga inaongeza. DVD inataka mwendo mmoja usiobadilika.

Dawa: geuza picha za telefone mbele ya kuanza kukata. Shotcut yenyewe, ikiona faili ya namna hiyo, inakuuliza kama unataka kuigeuza iwe rahisi kufanyia kazi. Kubali. Ao tumia HandBrake, uchague mwendo usiobadilika, picha 25 kwa sekunde. Usijaribu kusogeza sauti kwa mkono: ukisahihisha mwanzo, mwisho utaharibika.

3. Maandishi hayaonekani, ao yanakatwa

Hapa ndipo hatari kubwa iko. Kwenye ordinateri unaona picha nzima. Lakini televizio nyingi, zaidi zile nene za zamani, zinaficha kando ya picha pande zote nne. Katika Kiswahili chetu, neno la kukataza linaanza na kichwa chake. Umeandika «USIKATE UA LA KIUME KWA PANGA». Televizio ikimeza herufi tatu za kwanza, watu wanasoma «KATE UA LA KIUME KWA PANGA». Umekataza, na kioo kimeamuru. Kwa ugonjwa unaopita kupitia panga chafu, hilo si kosa dogo.

Dawa: acha nafasi tupu ya sehemu moja ya kumi kila upande. Kwa picha ya DVD yenye upana wa 720 na urefu wa 576, acha 72 kushoto na kuume, 58 juu na chini. Tena, kwa maonyo makubwa, ni vizuri kuanza na neno lingine: «HAPANA PANGA! Tumia kijiti». Na sauti iseme ileile yenye kuandikwa, kwa ajili ya wale wasiosoma.

Kama maandishi hayaonekani hata kidogo katika Shotcut, angalia mpango wa mistari. Mstari wa juu ndio unafunika wa chini. Maandishi yakiwa kwenye mstari wa chini, picha inayafunika. Tena, ukiweka maandishi moja kwa moja juu ya kipande cha picha, yatabaki muda wote wa kile kipande. Ukitaka yaonekane sekunde chache tu, kata kipande pale, ao uyaweke peke yake kwenye mstari wa juu.

Mambo matatu ya kushika:
– Herufi nyeupe zenye ukingo mweusi zinasomeka juu ya majani na juu ya udongo pia.
– Tumia aina ya herufi ya kawaida. Ile ya mapambo, ukifungua mradi kwenye ordinateri ingine isiyo nayo, inabadilishwa na maneno yanahama.
– Acha maandishi muda wa mtu kuyasoma mara mbili kwa sauti, polepole.

4. Watu wanaonekana wembamba ao wanene

Picha ya DVD inaweza kuonyeshwa kwa umbo la 4:3 (televizio za zamani) ao 16:9 (za kisasa). Ukichagua 16:9 katika Shotcut na 4:3 katika DVDStyler, picha inavutwa. Chagua umbo moja, uandike kwenye karatasi, uliweke sawasawa katika programu zote mbili. Na wenye kupiga picha: shikeni telefone ikiwa imelala, si imesimama.

5. Diski inakataa kusoma

Hapa sababu ni nyingi. Zipitie kwa mpango huu.

Ni diski ya data? Ukikamata faili ya MP4 na kuichoma vile iko, umetengeneza sanduku la faili, si DVD ya filamu. Lekteri nyingi za zamani hazitaisoma. Fungua diski kwenye ordinateri: lazima uone folda yenye jina VIDEO_TS. Kama haiko, rudi kwa DVDStyler.

Ni PAL? DVDStyler inakuuliza PAL ao NTSC wakati wa kuanza mradi. Kwetu chagua PAL, picha 25 kwa sekunde. Kongo ilifuata SECAM kwa televizio, lakini DVD zina aina mbili tu, na kwa nchi za SECAM hutumika PAL. Sauti nayo iwe ya 48.000 Hz.

Filamu ni kubwa kupita diski? DVD ya kawaida inabeba giga 4,7, ni kusema karibu megabiti 37.600. Gawanya kwa sekunde za filamu. Filamu ya saa mbili ina sekunde 7.200: inabaki karibu 5,2 kwa sekunde, pamoja na sauti. Weka picha kwenye 4,8. Kwa saa moja na nusu weka 6,5. Filamu ikiwa fupi, usipite 8, hata kama nafasi iko: lekteri dhaifu zinakwama.

Ilichomwa mbio sana? Chagua mwendo wa 4x, si ule wa juu. Diski ifungwe kabisa mwishoni. Na usibandike karatasi juu yake: inaharibu mizani ya kuzunguka. Andika kwa feltre upande wa juu.

6. Moto unakatika katikati ya kazi

Umeme ukikatika wakati wa kuchoma, diski imekufa. Kwa hiyo gawanya kazi. Kwanza amuru DVDStyler itengeneze faili ya ISO katika ordinateri. Umeme ukikatika, unaanza tena bila kupoteza diski. Kisha fungua ile ISO na VLC, uangalie filamu tangu mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa nzuri, ngoja batiri ijae, halafu choma. Ile ISO itunze: mwaka ujao utachoma diski zingine bila kuanza upya.

Mbele ya kugawa diski

Choma moja tu kwanza. Ipeleke kwenye lekteri ya zamani kuliko zote katika kijiji, na televizio ya zamani kuliko zote. Mwite mama mmoja mkulima ambaye hakushiriki kutengeneza filamu, asome maandishi kwa sauti na aseme ameelewa kufanya nini. Akisema kinyume, sahihisha maandishi, hata kama picha ni nzuri namna gani. Akisema sawa, basi choma zingine na mugawe mbele ya mvua kuanza, wakati watu wangali na nafasi ya kuketi na kuangalia.